Kadi ya Msiba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koki. Si meza, si ufunguo wa gari, koki. Mhandisi wa Maji wa Mkoa, mzee mrefu aliyevaa sweta mbili kwa sababu ya baridi ya Iringa, aliitoa kwenye droo akaiweka mbele yangu kama mtu anayemkaribisha mgeni kitumbua.

"Binti, hiki nini?"

"Koki, mzee. Ya kubonyeza. Ukiiachia, springi inaifunga yenyewe."

"Ina akili, siyo?"

"Ina akili sana."

"Basi kaa nayo. Siku ukimpata mwanakijiji mmoja anayeipenda, njoo uniambie."

Nilidhani ananitania. Chuoni tulifundishwa kwamba koki ile ndiyo dawa ya vituo vya kuchotea maji. Mtu hufungua, hujaza ndoo, huondoka, na maji hubaki yakitiririka mpaka tangi la juu linakauka. Koki ya kubonyeza haimtegemei mtu kukumbuka. Nani angeichukia?

Niseme kwanza nilikotoka. Mama yangu aliuza kabichi Mwanjelwa, Mbeya, na mezani pake ndipo nilipojifunza hesabu kabla ya shule. Alihesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza mbele ya mteja, ili mteja aone, mara ya pili mteja akishaondoka, ili yeye mwenyewe aone. "Ukitaka moja, taja tano," alinifunza. "Na ukipewa mbili, nuna." Nilipoingia kwenye uhandisi sikuona kama nimebadilisha biashara. Maji nayo ni mapatano. Mlima unataka kuyashusha kwa fujo, wewe unataka yafike kwa adabu, mnakubaliana ndani ya bomba.

Miradi yetu wakati huo ilikuwa ya maji ya mserereko, yaani maji yanayoshuka kwa uzito wake yenyewe bila mashine wala mafuta. Unapanda msituni, unajenga banio, ukuta mdogo wa zege unaokinga kijito, kisha unalaza bomba kufuata mteremko mpaka kijijini. Kwa asiyejua ni kama mchezo. Shida ya milima yetu ni kwamba imezidi. Maji yakishuka kutoka juu sana bila kupumzishwa hupasua bomba huko chini, kwa hiyo njiani tulijenga matangi madogo ya kupunguza mgandamizo: maji yanaingia, yanapoteza hasira, yanaanza safari upya. Na pale bomba linapopanda kilima kidogo na kushuka tena, hewa hujificha kileleni ikaziba njia, mpaka uweke valvu ya kuitoa. Mpaka leo jambo hilo hunishangaza, kwamba hewa, kitu ambacho huwezi kukiuza hata kwa fungu, inaweza kuyazuia maji ya kijiji kizima. Nilipomweleza mama, hakushangaa.

"Kwani hujawahi kukaa kwenye kikao?" alisema.

Nikapangiwa vijiji vya milimani, kwa Wahehe. Msimamizi wangu alikuwa Fundi Mkuu wa Wilaya, mtu wa sauti kubwa aliyeamini kwamba kila kilichoharibika kimeharibiwa na mtu. Kituo cha kwanza tulichokikagua, koki ya kubonyeza ilikuwa imefungwa utepe wa mpira wa baiskeli, imebonyea mpaka mwisho, maji yanamwagika.

"Hujuma!" alipaaza sauti. "Andika hapo: hujuma."

Mama mmoja aliyekuwa akijaza ndoo, mtoto mgongoni, alimtazama bila haraka.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Nani amefunga huu mpira?"

"Ni mimi hapa. Mkono huu nashika ndoo isipinduke, huu namshika mtoto. Hiyo koki yenu niibonyeze na nini? Na paji la uso?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Fundi Mkuu alitoa kisu akaukata mpira. Tulipopita tena baada ya chai, mpira mwingine ulikuwa umefungwa, tena mzuri kuliko wa kwanza. Niliinama kuuchunguza nikaona fundo lake linafunguka kwa mvuto mmoja tu. Wahujumu wetu walikuwa wamefikiria na namna ya kufunga maji. Nilirudi mkoani nikamwambia Mhandisi kwamba bado sijampata mtu anayeipenda ile koki.

"Hata mimi," alisema. "Na nilianza kumtafuta wewe ukiwa bado unanyonya."

Kazi niliyojivunia kuliko zote niliichora nikiwa huko. Vituo vya zamani vilikuwa na sakafu tupu. Mwanamke alijaza ndoo ikiwa chini, halafu akasubiri mwingine aje amsaidie kuinyanyua mpaka kichwani. "Nitwike, mwenzangu," ndilo neno lililosikika zaidi pale bombani, na aliyefika peke yake alikaa akisubiri, mvua au baridi. Mimi nilichora jukwaa la zege lenye ngazi mbili, moja usawa wa goti na nyingine usawa wa kifua. Ndoo inajaa ikiwa juu, mwenye nayo anainama kidogo, anaivuta, imeshafika kichwani. Hakuna springi, hakuna kipuri, hakuna cha kufungwa mpira. Hapa hatimaye nilipata watu wanaoipenda kazi yetu. Jukwaa lile lilienea kijiji hadi kijiji, na michoro ikafika mpaka kwetu, kwenye vilima vya juu ya Mbeya, ambako mama sasa alishinda nyumbani baada ya kuchoka na soko.

Nilipokwenda likizo alilisifia jukwaa langu mbele ya majirani wote. Tulipobaki wawili akasema, "Ni zuri. Ila siku hizi nakwenda bombani na kurudi bila kutamka neno."

"Kwani umegombana nao?"

"Nigombane nao saa ngapi? Hatukai."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyezoea kelele za soko.

Baadaye nilihamishiwa Mbarali, Ubaruku, kwenye mpunga, ambako maji hayabebwi kichwani bali hugombaniwa mfereji kwa mfereji. Bosi wangu huko alikuwa Ofisa Umwagiliaji, mtu mpole aliyekula ubuyu kutwa nzima akitema mbegu kwenye kiganja. "Maji hayagombaniwi yakiwa mengi, wala yakiisha," alikuwa akisema. "Yanagombaniwa yakiwa nusu." Tulijenga masanduku ya mgawanyo, vijumba vya zege mfereji unapoingia, vyenye milango ya upana sawa iliyowekwa usawa mmoja, kila shamba na mlango wake. Uzuri wa sanduku lile si kwamba linagawa sawa. Uzuri wake ni kwamba kila mtu anaona limegawa sawa. Lakini hata hivyo wakulima walikuja kukaa juu ya kuta zake, kila mmoja akilinda mlango wake, wakipiga soga mpaka zamu iishe. Nilimwuliza Ofisa Umwagiliaji kwa nini wanakaa ilhali zege haliibiwi.

"Waache," alisema. "Wakiwa hapo hawagombani. Wakiwa nyumbani ndipo wanawaziana mabaya."

Nilimsikia. Kumsikia mtu ni jambo moja.

Miaka yangu ya mwisho nilirudishwa Mbeya, na hapo ndipo ilipokuja luku ya maji. Jina lake la ofisini ni dira ya malipo kabla, lakini hakuna aliyeliita hivyo. Mnunuzi ana kadi. Anaigusisha kwenye dira, koki inafunguka. Salio likikata, koki inafunga. Sitaisema vibaya, maana nimekaa kwenye kazi hii vya kutosha kukumbuka ilivyokuwa kabla yake: mkusanyaji fedha aliyejenga nyumba ya bati jipya, na bomba lililopasuka likasubiri viraka mpaka masika. Luku ya maji iliyamaliza yote hayo. Kituo kilifunguka muda wote, foleni ikaisha, mlinzi wa bomba akaenda kulima viazi vyake. Aliyebuni kile kidude alikuwa mtu wa maana.

Lakini kwetu kuna jambo ambalo hata darasa moja halikunifundisha, kwa sababu nililikuta nyumbani. Ndoo ya kwanza ya siku ni ya msibani. Kukiwa na msiba kitongojini, hakuna mwanamke anayepita na maji mbele ya nyumba ile akaenda kwake. Anakata kona, anamimina kwenye pipa la wafiwa. Akishamimina, anaingia jikoni, kwa kuwa aliyeleta maji haulizwi amefuata nini. Anamenya ndizi, analia, anasengenya, anabishana juu ya chumvi. Siku zile za bomba la kufuli, mlinzi aliondoa kufuli msiba ulipoanza, hakurudisha mpaka matanga yaishe, na hakuna aliyeuliza maji yamekwenda wapi.

Kwa hiyo mradi ulipofika kwenye vilima vyetu nilikwenda kwa Meneja wa Mradi. Alikuwa kijana aliyevaa viatu vyeupe kwenye tope la Mbeya na havikuchafuka. Kwa hilo peke yake nilimheshimu.

"Nataka koki tano za kawaida, zisizo na dira," nilimwambia. "Za misiba."

"Tano, Mama Injinia? Huo si mfumo tena, hilo ni chujio."

"Basi tatu."

"Hata moja, mama yangu. Koki isiyo na dira itakuwa na msiba kila siku. Watu watakufa mpaka waishe."

Nilicheka kabla sijajizuia. Watu wa kwetu nawajua, asingekosea.

"Haya, toa na wewe," nikamwambia. "Mnunuzi hazungumzi peke yake."

Alifikiri huku akizungusha kalamu. "Kadi. Kadi moja ya kijiji, inakaa kwa Mtendaji. Ukitokea msiba, anapewa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Inafungua maji bure, kiasi chochote, mpaka wazike na watawanyike. Hakuna mtu wa kuomba, hakuna wa kunyimwa."

Nililipima lile pendekezo, nikalipima tena nikiwa njiani kwenda nyumbani, na mara zote mbili nikaona nimeshinda. Nilikwenda kutafuta maji ya misiba, nikarudi na maji ya misiba, bure, yasiyo na kikomo. Nilinuna kidogo, kwa mazoea, tukapeana mikono.

Nilipostaafu wenzangu walinipa cheti na jokofu. Jokofu, Mbeya. Nilihamia kwa mama kilimani, nikaliweka sebuleni, yeye akawa anatunzia humo kanga zake.

Alifariki mwezi wa baridi, asubuhi, akiwa amekaa kitini akisubiri uji upoe. Sitaeleza zaidi.

Kamati ya mazishi ilifanya kazi kama kamati zinavyofanya siku hizi. Kabla ya adhuhuri turubai lilikuwa limesimama, viti vya plastiki vimepangwa, mpishi wa kukodi ameshuka na masufuria yake na wasaidizi wawili wenye aproni zinazofanana. Mtendaji alitoa kadi, mwenyekiti akampa kijana wa guta, kijana akapiga safari zake za madumu, na tangi kubwa la plastiki likajaa mpaka likafurika. Meneja wa Mradi mwenyewe alipanda kuja kunipa pole. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mama. Nimepita pale nyuma. Tangi limejaa, kadi haijakwama hata kidogo."

"Ahsante, mwanangu," nilimjibu, na nilimshukuru kweli.

Nikaingia ndani kutafuta mahali pa kulilia. Kwetu mtu halii peke yake. Huingia jikoni kwa wanawake, na wao humpokea. Jikoni palikuwa na mpishi na wasaidizi wake. Walinisalimia kwa heshima, wakanipisha, wakaendelea kukata karoti. Nikatoka nje. Wanawake wote wa kilima walikuwepo, chini ya turubai, kwenye viti, mikoba magotini, wakitazama mbele kama wanaosubiri kuitwa na daktari. Walikuja, walinipa mkono, wakaketi. Ibada ikiisha wangeondoka. Hakuna aliyekuwa na moyo mbaya. Hawakuwa na kilichowaingiza ndani.

Mama yangu alipeleka maji kwenye kila msiba wa kilima kile tangu nikiwa mtoto. Nilimwona akipita nyumba yetu bila kugeuka, ndoo kichwani, kwenda kwa watu ambao wiki iliyopita walikuwa wamegombana naye. Nilitaka wamlilie kwa fujo, kama alivyowalilia wengine. Na alikuwa anakwenda kuzikwa kwa utulivu, katika mfumo ambao haujakwama.

Ninyi vijana mnaosomea maji, mtakuta vitabu vimejaa namna ya kuondoa usumbufu. Vyote ni vya kweli. Ndoo nzito ni usumbufu, foleni ni usumbufu, kumsubiri mtu aje akutwike ni usumbufu. Niliuondoa mmoja baada ya mwingine, na kila mara watu walinishukuru, na walikuwa na haki ya kunishukuru. Hakuna aliyeniambia, wala sikumwuliza mtu, ni kitu gani kingine kilikuwa kimeegemea pale. Ukiuondoa ukuta, unauliza kwanza kama umebeba dari. Hilo tunalijua kwa nyumba.

Nilichukua ndoo nikashuka bombani nikiwa na nguo zangu za msiba. Nilimkuta Mama Bupe, jirani yetu wa chini, aliyeimba kwaya na mama kanisani. Alikuwa akijaza maji yake kwa kadi yake. Alitaka kuyapeleka nyumbani kabla ya ibada.

"Ee, Injinia! Nimeona guta linapanda. Si mmejaza kwenu?"

"Tumejaza."

"Sasa hiyo ndoo?"

"Nimekuja kuchota."

Alinitazama, akaitazama ndoo, akanitazama tena. Alijitwika ya kwake iliyojaa, akanisubiri nijaze yangu, na tulipofika njia panda hakukata kwenda kwake.

Mpishi alitupokea mlangoni. "Bibi zangu, maji tunayo tele. Hayo mwagieni maua."

Mama Bupe aliitua ndoo yake pale pale mlangoni, akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akaingia. Alifunua sufuria la kwanza.

"Nani amekuambia marehemu alikuwa anakula wali wa karoti?"

"Bibi, ndivyo kamati ilivyoagiza."

"Kamati ilikaa naye kanisani? Huyu mama alikuwa anaokota karoti moja moja anaweka pembeni ya sahani kama mawe. Na chumvi hii ndogo ya wagonjwa, ya nini? Leta hapa."

"Bibi, chumvi inatosha."

"Inatosha kwenu mjini!"

Walibishana. Msaidizi mmoja alicheka, akakemewa. Mama Bupe akaanza kusimulia namna mama alivyowahi kumkimbiza mteja Mwanjelwa, kabichi mkononi, kwa sababu mteja alilipa zaidi na hakutaka kusubiri chenji. "Alikimbia, huyo mwanamke, na umri ule, anapiga kelele, rudi we mwizi, unaniibia usingizi—" na hapo akaangua kilio. Alilia kwa nguvu, kwetu ndivyo tunavyolia, mkono bado umeshika mwiko. Nami nililia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nimeegemea fremu ya mlango. Wanawake wawili waliinuka chini ya turubai wakaja kuona kuna nini. Wakavua viatu.

Tulikaa mle mpaka jua likaelekea kuzama. Mama Bupe alipokuwa akitoka aliimimina ndoo yake kwenye beseni la vyombo, akaikung'uta, akasimama mbele yangu akiizungusha mkononi.

"Kesho nilete nyingine?"

Alikuwa akiniuliza, naye alishajua tangi halihitaji. Alikuwa ananipa nafasi. Na mimi, mtu niliyebishania kila kitu maisha yangu yote, nikamjibu kwa adabu niliyolelewa nayo na kwa kiburi kidogo cha kazi.

"Usijisumbue, dada. Maji yapo."

"Haya," alisema. "Ndaga. Asante."

Kesho yake nilikaa karibu na mlango wa jikoni, macho kwenye njia ya bombani, mpaka chai ikapoa. Kijana wa guta alipita mara moja, akachungulia kwenye tangi, akaona halijapungua, akaenda zake.